Soketi ina matundu matatu lakini ethi hamna: jinsi ya kulitafuta tatizo kwenye nyumba ya zamani

Kitu cha kwanza kinachowachanganya watu wengi: tundu la tatu kwenye soketi sio ethi. Ni tundu tu. Ethi ni waya unaoanzia nyuma ya lile tundu, unapita ukutani mpaka kwenye boksi la breka, alafu unatoka kwenda kwenye fimbo iliyozikwa chini au kwenye kebo inayoleta umeme nyumbani, na ukikatika popote hapo katikati soketi itaendelea kupiga kazi kama kawaida, tivii inawaka, friji linagandisha, simu inajaa chaji, we hujui chochote. Umeme unakuja na laivu (wengine mnaita fezi) unarudi na nyutro, siku vitu vikiwa vizima ethi haina kazi yoyote inayofanya. Ndo mana tatizo hili linaweza kukaa ndani ya nyumba miaka na miaka na wapangaji wanapokezana tu.

Kazi yake inakuja siku ile waya wa laivu ndani ya friji umechubuka ukagusa bodi (mwili wa nje wa chuma). Ethi ikiwepo, umeme mwingi unapita pale kwa ghafla, breka inatripu, unalaumu friji, maisha yanaendelea. Ethi isipokuwepo breka haioni kitu, bodi inakaa na volti 230 inakusubiri uje peku na mikono imelowa.

Na nyumba za zamani zina sababu ya kuwa hivi, sio kwamba mafundi wote wa zamani walikuwa wazembe. Marekani kanuni zao zilianza kudai soketi zenye ethi kwenye sakiti za kawaida (sakiti ni waya na soketi zote zinazolishwa na breka moja) mwaka 1962, Uingereza waya za taa ziliruhusiwa kutokuwa na ethi mpaka 1966, kwaiyo nyumba nyingi za kabla ya hapo zilifungwa waya mbili tu na ilikuwa halali kabisa. Shida ni aliyekuja baadae akatoa soketi za matundu mawili akaweka za matatu kwa sababu plagi mpya zilikuwa haziingii, bila kuleta waya wa tatu. Hapo ndo uongo ulipoanza.

Kabla hujagusa kitu

Kuzima swichi ya kwenye soketi haitoshi, zima breka ya ile sakiti au meni (swichi kuu) kabisa. Na usiamini maandishi ya kwenye boksi la breka, kwenye nyumba za zamani "jikoni" inaweza kuwa ni chumba cha kulala. Pima kwanza chombo chako kwenye soketi unayojua ina umeme, alafu pima ile unayotaka kufungua, alafu rudi upime tena ile yenye umeme. Mara tatu. Ile ya mwisho ni ya kuhakikisha kwamba chombo hakijafa katikati ya safari, na watu huwa wanairuka.

Bisibisi ya testa, ile yenye kataa kadogo ndani, haitakusaidia kwenye hii kazi. Inakuonyesha tu laivu iko tundu gani, kuhusu ethi haijui lolote. Tafuta multimita (chombo cha kupimia umeme chenye namba), hata ya kawaida, ila nyaya zake ziwe nzima na iwe imeandikwa inafaa kwa umeme wa nyumbani. Namba nitakazotaja ni za umeme wa volti 230, kama kwenu ni 120 basi soma 120 kila nilipoandika 230.

Dalili: bodi inatekenya

Hii ndo inawaleta watu wengi. Unagusa friji, au mgongo wa kompyuta, au spika, unasikia kama mchwa wanatembea kwenye vidole. Nyumba niliyohamia mimi friji lilikuwa hivyo, nikaita fundi, akaniambia ni unyevunyevu wa sakafu nivae ndala. Nikavaa. Ndala kweli zikasaidia mana zilizuia umeme usipite kwangu kwenda chini, lakini friji lilikuwa na umeme wake uleule, nilichobadilisha ni miguu yangu tu.

Kutekenya kuna sababu mbili na lazima uzitenganishe. Ya kwanza ni ya kawaida: vifaa vingi vya siku hizi vina kapasita ndogo ndani, zimefungwa kati ya laivu na bodi na kati ya nyutro na bodi, kazi yake kuchuja kelele za umeme. Kukiwa na ethi, kale kaumeme kanakopita kwenye kapasita kanaenda zake ardhini hukasikii. Ethi ikikosekana bodi inaelea katikati, inakuwa na karibu nusu ya volti za ukutani, yaani 110 au 115 hivi ukiipima, lakini mkondo wake ni mdogo sana, mara nyingi chini ya miliampia 1, kwaiyo unatekenya hauui. Chaja ya kompyuta yenye plagi ya miguu miwili itatekenya hata kwenye nyumba yenye ethi safi, hiyo isikutoe jasho.

Ya pili ni kifaa chenyewe kuvuja: waya umechubuka, elementi ya pasi au heta imepasuka, unyevu umeingia kwenye mota. Huu hauna kikomo, leo unatekenya kesho unatupa mtu.

Jinsi ya kuzitofautisha: chomoa kifaa, weka multimita kwenye om (kipimo cha ugumu wa umeme kupita), pima kati ya mguu wa ethi wa plagi na mguu wa laivu, alafu ethi na nyutro, swichi ya kifaa ikiwa imewashwa. Kifaa kizima kitakuonyesha hakuna njia au mamilioni ya om. Ukiona om mia kadhaa au elfu chache, kifaa ni kibovu, kipeleke kikatengenezwe. Ila multimita inapima kwa volti ndogo za betri kwaiyo kuna kuvuja ambako haikuoni, hasa elementi inayovuja ikishapata moto tu. Kifaa kikipita hapo na bado kinatekenya vibaya, usijipe moyo.

Na ukitekenywa na kifaa kimoja, hamishia soketi ya chumba kingine. Kikiacha kutekenya huko, tatizo ni la soketi ya kwanza na sio la kifaa. Kabla hata ya hapo angalia eksitensheni na adapta, mana nimeona mtu anataka kuvunja ukuta kumbe eksitensheni yake ina waya mbili tu ndani japo ina matundu matatu. Fungua plagi ya eksitensheni uone. Kuna zingine ule mguu wa ethi ni plastiki, hapo hakuna hata cha kupima.

Dalili: vipimo vya soketi havieleweki

Chomoa vitu vyote kwenye ile sakiti kwanza, sio kwenye soketi hiyo tu. Ethi ikiwa imekatika mbele huko, bodi za vifaa vyote vilivyo upande huu wa mkato zimeunganishwa pamoja, ukipitisha umeme kwenye ethi ya soketi moja unaweza kuupeleka kwenye bodi ya mashine ya kufulia chumba cha pili ambapo kuna mtu.

Alafu pima mara tatu: laivu na nyutro, laivu na ethi, nyutro na ethi. Soketi yenye afya inakupa 230 hivi, 230 hivi, na ya mwisho karibu na sifuri, volti moja au mbili sio shida.

Laivu na nyutro ni 230 lakini laivu na ethi inaleta 0, au inaleta namba ya ajabu kama 47 au 90 na inachezacheza: ethi hamna. Ile 90 ni kivuli tu. Waya wa ethi uliokatika unalala ukutani sambamba na waya wa laivu, unaokota volti kwa hewa, na multimita za dijitali zinakula umeme kidogo mno kiasi kwamba zinakuonyesha hata kivuli. Watu wanaona 90 wanasema "ethi ipo ila ni dhaifu". Haipo. Multimita zenye sehemu ya LoZ zinakunywa umeme zaidi na hiyo 90 inashuka inakuwa sifuri hapohapo. Ukipima laivu na ethi kwa LoZ na RCD (kifaa kinachokata umeme ukianza kuvuja) ikakata, usikasirike, hiyo ni habari njema, mana umeme umepata njia ya kwenda ardhini.

Kuna wanaochukua balbu yenye waya mbili wakachomeka kati ya laivu na ethi waone kama itawaka. Usifanye. Ethi ikiwa imekatika umepeleka laivu kupitia balbu kwenye bodi zote nilizosema hapo juu.

Laivu na ethi ni 0 alafu nyutro na ethi ni 230: ethi ipo, ila laivu na nyutro zimepishana. Vifaa vinawaka lakini swichi za kifaa zinakata nyutro badala ya laivu, kwaiyo ukizima taa ya mezani shimo la balbu bado lina umeme. Zima breka, rudisha waya mahali pake.

Nyutro na ethi inaleta volti nyingi, kumi, ishirini, arobaini, na laivu na nyutro inapanda na kushuka ukiwasha kitu kizito: achana na ethi, una nyutro iliyolegea mahali. Hiyo inaunguza vitu na inaunguza nyumba. Zima meni ita fundi leo.

Alafu kuna ile inayotisha kuliko zote, ambapo vipimo vyote viko sawa.

Dalili: kila kipimo kiko sawa lakini huamini

Nyumba yenye waya mbili, soketi ya matundu matatu, na kitesta cha kuchomeka chenye taa tatu kinasema safi kabisa. Imewezekanaje? Mtu ameunga kipande kifupi cha waya kati ya nyutro na ethi nyuma ya soketi. Mkaguzi akija anaona taa za kijani anasaini anaondoka.

Ubaya wake huu hapa. Nyutro ikilegea au ikikatika popote kabla ya hiyo soketi, umeme wa laivu unapita kwenye kifaa, unatokea upande wa nyutro, unakosa njia ya kurudi, na kwa sababu nyutro na ethi ni kitu kimoja pale nyuma, bodi ya friji inakuwa na 230 kamili. Sio ya kutekenya, ni yenyewe. Na kifaa wala hakijaharibika.

Ubaya zaidi: kama huyo mtu aliunga hicho kipande kwenye soketi ambayo waya zake zilikuwa tayari zimepishana, basi ameunga ethi na laivu. Bodi ya kila unachochomeka ina umeme muda wote. Na multimita itakuambia 230, 230, 0. Kitesta cha taa tatu kitakuambia safi. Mana vyote vinalinganisha matundu ya soketi hiyohiyo, hakuna anayeuliza ardhi yenyewe inasemaje.

Kwaiyo uiulize ardhi. Chukua waya mrefu wenye ganda zima, meni ikiwa imezimwa ufunge upande mmoja kwenye baa ya ethi (kipande cha chuma zinapofungwa waya zote za ethi) ndani ya boksi la breka (au fundi akufungie, kwenye baadhi ya maboksi waya zinazoingia kabla ya meni hazizimiki na zinaua), upande wa pili uje nao mpaka kwenye soketi. Washa, pima kati ya waya wako mrefu na tundu la ethi. Ikija 0 au karibu na hapo sawa. Ikija 230 zima kila kitu usiguse kitu.

Kuujua ule wa kwanza, wa nyutro na ethi kuungwa, kuna ujanja rahisi: kwenye soketi ya mapacha chomeka birika la umeme au heta upande mmoja uliwashe, alafu pima nyutro na ethi upande wa pili. Waya wa nyutro ukibeba ampia 10 kwa mita ishirini lazima upoteze volti moja na kitu, kwaiyo unatakiwa uone moja na ushee. Ukiona 0.0 imetulia tuli na birika linachemka, fungua soketi uangalie. Ukikikuta hicho kipande kitoe, na soketi ichukulie kama haina ethi, mana ndo ukweli wake.

Kitesta cha taa tatu sisemi ukitupe, kinafaa kwa haraka haraka, kinakuambia ethi hamna au waya zimepishana. Lakini taa zake zinawaka hata ethi ikiwa na maelfu ya om, yaani imeoza imebaki unywele, na nyutro na ethi zikibadilishana nafasi hakioni. Kikisema kuna tatizo kiamini. Kikisema hamna, endelea kupima.

Tatizo liko wapi sasa

Umeshajua ethi hamna. Pima soketi zote za nyumba, chora hata kwenye karatasi, ipi inayo ipi haina.

Soketi moja tu haina: fungua hiyo. Mara nyingi utakuta waya wa ethi upo, umekunjwa nyuma umezungushiwa selotepu, mtu aliona skrubu mbili zinatosha. Au umefungwa ila skrubu imekanyaga ganda badala ya shaba. Dakika kumi.

Soketi kadhaa zinazofuatana hazina, zilizotangulia zinayo: soketi zimefungwa kwa kuungana, ya kwanza inailisha ya pili, ya pili ya tatu. Mkato uko kwenye ya mwisho yenye ethi au ya kwanza isiyo nayo, fungua hizo mbili kabla hujafungua nyingine. Hili ndo lilikuwa tatizo la friji langu. Soketi ya jikoni ilikuwa imefungwa vizuri kabisa, ethi imekazwa, nikaifungua mara tatu sioni kitu. Kumbe soketi ya sebuleni inayoilisha ilishawahi kubadilishwa ikawekwa ya matundu mawili isiyo na sehemu ya ethi, aliyebadilisha akaziacha zile waya mbili za ethi zinaning'inia kila mmoja peke yake. Kuziunga pamoja tu kukamaliza kutekenya kwa nyumba nusu, na fundi wa ndala sikumwita tena.

Sakiti moja nzima haina: angalia kwenye boksi la breka kama ethi ya sakiti hiyo imefungwa kwenye baa. Ikiwa haipo kabisa, kebo ni ya waya mbili.

Nyumba nzima haina: toka nje, fuata waya mnene wa ethi kutoka boksi la breka. Kibano cha kwenye fimbo kimeoza, au waya umekatwa wakati wa kujenga ukuta, au shaba imeibwa. Na kuna hii ya nyumba za zamani kweli kweli: ethi ilifungwa kwenye bomba la maji la chuma, lilikuwa linashika vizuri miaka yote, alafu siku moja mabomba yakabadilishwa yakawa ya plastiki. Hakuna aliyegusa umeme, ila nyumba nzima imepoteza ethi siku ya fundi bomba. Ukikarabati mabomba pima soketi baadae.

Nyumba zenye waya ndani ya paipu za chuma, hizo paipu zenyewe ndo zilikuwa ethi, usishangae kukuta waya mbili tu. Zikiwa nzima zinafaa. Ila maungio yanapata kutu, moja likiachia kila kilicho mbele yake kinakosa ethi, na boksi la chuma ukutani likaonekana liko sawa tu kwa macho.

Kupima kwa uhakika: meni imezimwa, waya wako mrefu kutoka baa ya ethi, multimita kwenye om, upande mwingine tundu la ethi. Toa om za huo waya mrefu wenyewe, zinazobaki zisizidi 1. Waya wa ethi wa shaba wa milimita 1.5 mita ishirini ni kama robo om, kwaiyo ukiona 8 au 15 kuna kiungio kibovu njiani. Na namba ikibadilika ukitikisa soketi, umeshakipata.

Ukiwa umefungua, usiamini rangi. Nyeusi kwenye nyaya za zamani za Uingereza ni nyutro, kwenye za Marekani ni laivu. Nyekundu, nyeusi na kijani ndo zilikuwa rangi za zamani kwa Waingereza, kahawia na buluu zikawa lazima kwa waya mpya 2006 (ethi ya kijani yenye mstari wa njano ilitangulia), na nyumba iliyoongezwa chumba inaweza kuwa nazo zote kwenye boksi moja. Pima. Na kama ganda la waya ni raba linalopukutika ukiligusa kama biskuti, rudisha taratibu ulivyokuta usivutevute, hiyo nyumba haihitaji ethi tu inahitaji waya mpya.

Dalili: RCD ipo, kwaiyo si niko salama?

Nusu. RCD inalinganisha umeme unaoenda na unaorudi, ukipungua miliampia 30 inakata haraka sana, sehemu ndogo ya sekunde. Haihitaji ethi kufanya hivyo. Wamarekani wana ndugu yake anaitwa GFCI, anakata kwenye miliampia 5 hivi.

Tofauti ni lini inakata. Kukiwa na ethi inakata dakika ileile waya unapogusa bodi, hata kama hakuna mtu nyumbani. Bila ethi umeme hauna njia, unasubiri, na njia inapopatikana ni wewe. RCD inakata ukiwa umeshapigwa. Utapona kwa uwezekano mkubwa lakini utakuwa umerushwa, na kama ulikuwa juu ya ngazi RCD haidaki mtu.

Na kile kitufe cha kujaribia kwenye RCD, ukikibonyeza ikakata haimaanishi una ethi. Kile kitufe kinapitisha umeme kwa ndani kutoka laivu kwenda nyutro nje ya koili inayofanya ule ulinganisho, hakigusi ethi popote. Sasa kile kitesta cha kuchomeka chenye kitufe cha RCD chenyewe kinapitisha kwenye ethi ya soketi, kwaiyo ukibonyeza hicho RCD isikate, wakati kitufe chake yenyewe kinaikata, basi soketi haina ethi, au sakiti hiyo haipiti kwenye hiyo RCD. Hiki kipimo nakipenda, gharama yake ni muda mfupi tu. Chomoa vitu kwanza kama nilivyosema.

Shawa ya umeme na heta ya maji

Hapa sina utani. Kifaa kinachochemsha maji yanayokumwagikia ukiwa umevua nguo, umesimama kwenye sakafu mbichi, ngozi imelowa, ndo kifaa cha mwisho duniani cha kukifunga bila ethi. Elementi ikipasuka maji yenyewe yanabeba umeme. Ukisikia mtekenyo kwenye bomba la shawa, usimalizie kuoga, toka, usifunge bomba kwa mkono, zima breka, na hiyo shawa isitumike mpaka ethi ipimwe na RCD iwepo. Vyote viwili, sio kimojawapo. Kuna watu wanazima wanaoga na maji ya tanki yaliyokwisha kuchemka, afadhali, ila bado ni kiraka.

Marekebisho, kuanzia la bora

Waya upo ila umeachwa: ufunge. Basi.

Waya hamna ila nyaya zinapita ndani ya paipu: vuta waya mpya wa kijani na njano kutoka boksi la breka mpaka kwenye soketi. Kama soketi ni nyingi na nyaya zimezeeka, vuta zote mpya kwa pamoja, kazi ni ileile ya kupasua vidole.

Nyaya zimezikwa kwenye plasta moja kwa moja: ama uchimbe, ama upitishe waya juu ya ukuta kwenye trankingi (mfereji wa plastiki wa kufunika waya). Haipendezi, najua, ila jikoni na bafuni ningefanya hata kama wageni watacheka.

Huwezi kuvuta waya sasa hivi: weka RCD ya miliampia 30 kwenye sakiti hiyo, na ubandike maandishi kwenye soketi kwamba haina ethi, mana utahama na atakayekuja ataona matundu matatu ataamini. Marekani kanuni zao zinaruhusu njia hii kwa nyumba za zamani na zinalazimisha hayo maandishi. Au rudisha soketi ya matundu mawili, utumie vifaa vyenye alama ya mraba ndani ya mraba tu, hivyo vimekingwa mara mbili havihitaji ethi: redio, chaja, feni nyingi za plastiki. Friji, pasi, mashine ya kufulia, maikrowevu, vihamie kwenye soketi yenye ethi. Eksitensheni zenye kinga ya radi zinapeleka sehemu ya umeme wa ziada kwenye ethi, bila ethi kinga inapungua, usiitegemee.

Vitu vya kutofanya: kukata mguu wa tatu wa plagi, kuunga nyutro na ethi kwenye soketi, kufunga ethi kwenye bomba la gesi, kufunga kwenye bomba la maji ambalo hujui linaishia wapi.

Na kupiga fimbo nje ya dirisha ukaunga na soketi moja, hili nilieleze mana wengi wanalifanya kwa nia njema. Fimbo kwenye udongo wa kawaida inaweza kuwa na om 100. Gawanya 230 kwa 100, unapata ampia 2.3. Breka yako ni ya 20 au 32. Laivu ikigusa bodi zinapita ampia 2.3 kwenda ardhini, breka haishtuki, na bodi inaendelea kuwa na umeme siku nzima huku mita ikikimbia. Fimbo inafanya kazi ikiwa na RCD, kwa sababu RCD inataka miliampia 30 tu, om 100 kwake ni nafuu kabisa. Fimbo bila RCD ni pambo. Na om hizo hazikai hapohapo, udongo ukikauka zinapanda, kwaiyo kipimo kizuri ni cha kiangazi, ile ya masika inakudanganya. Kumwaga chumvi kunashusha kwa muda alafu mvua inaiosha na fimbo inaliwa na kutu, afadhali uongeze urefu wa fimbo au uongeze fimbo ya pili mbali kidogo na ya kwanza.

Fimbo yenyewe haipimwi na multimita, kuna kifaa chake, na fundi anayejua kazi atakuja nacho. Ukimwita muulize namba: fimbo ina om ngapi, soketi ya mbali kabisa ina om ngapi mpaka kwenye baa, RCD imekata kwa miliampia ngapi na kwa muda gani. Akikujibu "iko poa bosi" bila namba, mlipe nauli umuage.